Mto wa Sufi

Niliandika mto, ikaja mito:
Pangani yenye mamba, Zigi, Mkulumuzi,
ramani, daraja, gari lililosombwa na maji.
Nikaongeza sufi, nikidhani naubana mlango,
wakaingia mashehe, nyiradi, tasbihi,
na kitabu cha kurasa mia tano cha kuifuta nafsi.
Mito ya Bi. Mwanamkasi haikuwemo.
Ilikuwa nyuma yangu, arobaini na miwili,
imepandana hadi dirishani,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
na manyoya ya sufi yakielea puani mwangu
kama mvua iliyokosa uzito.

"Andika bora," alisema bila kuinua sindano.
Shangazi, bora wameshaiandika wote.
Kuiandika ni kuita "Mohamedi!"
mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa:
watageuka mia, na wako asisikie.
"Basi andika ya asili."
Nikapima. Wanaoitafuta, kumi kwa mwezi.
"Kumi si haba, wakija."
Saba kati yao walitaka dawa ya nguvu.
Akacheka mpaka akajidunga kidole.

Bando likaisha.
Nikajiunga na waya wa Hoza, fundi redio,
akanipa mtandao na nasaha, vyote vikikatika katikati.
Usiku ule nikaifungua orodha
ya mambo ambayo watu huuliza wakiwa peke yao.
Sikujua kama ni halali kuisoma.

     shingo inauma nikiamka
     shigo imekaza upande mmoja nifanyeje
     godoro jipya mbona silali
     mto usio na joto tanga
     mto wa mjamzito bei
     kwanini mama analala amekaa

Hapakuwa na bora. Hapakuwa na sufi.
Yule aliyeiandika shingo akaangusha herufi
sikumsahihisha; nikamnakili vilevile,
maana ndivyo atakavyoandika tena
saa tisa usiku, kwa kidole gumba, jicho moja limefumba.

Asubuhi nikamsomea shangazi.
Alikuwa akichambua mbegu, bakuli mapajani,
mbegu huku, sufi huku,
na kwa kila neno alitikisa kichwa:
hilo letu, hilo letu, hilo la muuza magodoro.
Kwa lile la mwisho mikono ikasimama.
"Rudia."
Nikarudia.
"Anayelala amekaa huyo ana moyo, au mapafu.
Huyo si wa mto. Mwambie ampeleke mama yake Bombo."
Nimwambieje, shangazi? Sina jina, sina namba,
nina maneno manne tu.
"Basi yaandike hayo manne, kama alivyoyasema,
na chini yake uandike: mpeleke hospitali, leo.
Mito tutauza chini zaidi."

Kisha akachukua kipande cha mkaa,
na juu ya gunia akaandika, kwa herufi za madrasa,
ili nisije nikasahau:

     Jina tulilolipenda, si wanalolitafuta,
     Usiku akijipinda, shingo ikimsokota,
     Hataji tunachounda, hutaja kilomkuta,
     Neno ulitafutalo, limelala kitandani.

Wiki ya tatu simu ikalia.
Dereva wa lori, yuko Handeni, sauti imepinda na yeye:
"Samahani, ni hapo mnapouza shingo?"
"Ndipo," akajibu shangazi. "Unalalia upande gani?"

Wamekuja wengine tangu hapo.
Imebaki mito tisa, na foronya zimekwisha.
Mimi kila usiku, kabla sijazima,
huangalia ni wangapi waliofika kwa maneno yale manne.
Jana alikuwa mmoja.
Alikaa kwenye ukurasa sekunde kumi na moja,
hakushuka hadi kwenye bei,
akatoka.